Kisigino kibovu, baridi ya Kibondo na viatu vilivyokaribia kuninyima mke

Wakuu, nawasalimu wote mliopo jukwaani, wenye miguu mizima na sisi wengine.

Ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe, sio jirani wala "rafiki yangu mmoja". Majina tu ndiyo nimebadilisha. Atakayeona ni chai, aongeze sukari anywe.

Kwanza nitoe dukuduku. Mimi ni mtu wa Masasi. Nilipopangiwa kazi Kibondo, afisa ugani, nyumbani kila mtu aliniambia Kigoma ni joto, nibebe mashati mepesi na kandambili. Wote walikuwa wanaifikiria Kigoma ya ziwani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika huku juu.

Wakuu, Kibondo mwezi wa saba ukitoka nje alfajiri unatoa moshi mdomoni. Sakafu ya saruji unaikanyaga kama imetolewa kwenye friji. Wenyeji wana makoti na kofia za sufu, na wewe umesimama hapo na kandambili zako za Masasi unatetemeka.

Baridi peke yake ningeivumilia. Tatizo ni kwamba nina kisigino.

Najua kila mtu ana kisigino. Changu cha kushoto ni kibovu, na kimekuwa kibovu miaka sasa. Daktari alinieleza kuna utando mpana chini ya unyayo, unaoanzia kisiginoni kwenda vidoleni, ndio umevimba na hautaki kupona. Ukitembea unapoa kidogo. Ukikaa au ukilala halafu ukainuka, hatua za kwanza ni kama unakanyaga msumari. Kwangu baridi inaongeza maumivu mara dufu.

Masharti yakawa rahisi kuyasikia: nisitembee peku kabisa, hata ndani ya nyumba. Nivae kiatu laini, chenye soli nene, kilichoinuka kidogo kisigino, na mguu ukae kwenye joto. Nikamuuliza kiatu hicho nakipata wapi hapa Kibondo. Akacheka, akaita mgonjwa mwingine.

Kabla sijaendelea, nizungumze na washauri. Ukiwa na mguu unaouma, Watanzania wote ni madaktari. Kuna aliyesema ni gauti, niache nyama, wakati nyama yenyewe naiona sikukuu. Kuna aliyesema niukande kwa maji ya chumvi. Kuna jirani aliyeniita pembeni akaniambia kwa huruma kabisa kwamba nimekanyaga kitu nilichowekewa, nikatazamwe. Boss wangu yeye alisema ni uvivu tu, nikishika jembe mguu utapona. Nawaheshimu wote, ila nimechoka.

Tuje kwenye viatu.

Nilianza na gambuti za kazini. Mimi natembelea wakulima kwa pikipiki, maharage huku, mihogo kule, matope kila mahali, kwa hiyo gambuti ni lazima. Lakini gambuti asubuhi ya baridi ni sawa na kutumbukiza mguu kwenye ndoo ya maji, na soli yake ni bapa. Nikavaa soksi mbili. Joto likaja, nafasi ikaisha, vidole navyo vikaanza kulia.

Nikanunua raba za mtumba sokoni Kibondo. Nzuri kwa macho, brand kubwa. Kumbe mtumba una tabia ya mwenyewe wa kwanza. Yule bwana, popote alipo huko Ulaya, alikuwa anatembelea upande wa nje wa mguu. Baada ya wiki na mimi nikawa natembea kama yeye. Nikapata maumivu mapya ya goti juu ya yale ya zamani.

Nikaagiza online kutoka Dar. Picha ilikuwa ya kiatu cha baridi, manyoya ndani, soli kama godoro. Mzigo ukafika stendi kwa basi, nikafungua palepale kwa furaha. Size imeandikwa 43, mguu unaoingia ni wa mwanafunzi wa darasa la tano. Nikampigia muuzaji, akaniambia vitaachia kadiri nitakavyovaa. Nilikata simu kabla sijamtukana mtu wa watu.

Ndipo nikaenda Kasulu, soko kubwa kidogo. Huko nikakuta buti za winter hasa, zile za nchi za theluji. Wanaouza viatu vya mtumba mnawajua, wanaanika mguu mmoja tu ili vibaka wasibebe pea. Ulioanikwa ulikuwa wa kulia. Nikaujaribu, wakuu, niliona mbingu. Nikalipa haraka kabla hajaniwahi mwingine, mama muuzaji akanitolea wa kushoto kwenye kiroba, nikabeba.

Nimefika Kibondo, navaa wa kushoto, ndani kisigino kimeliwa hadi kwenye kigumu. Mguu wangu mbovu ni wa kushoto. Yaani nilijaribisha kiatu kwenye mguu ambao hauumwi! Hapo nilijichukia kabisa.

Siku niliyorudi Kasulu kugombana na yule mama, hakugombana. Alinisikiliza, akanihurumia, akachimba kwenye viroba vyake na kuibuka na viatu vya kushangaza. Vya kuchomeka mguu, vimefunikwa mbele, soli nene laini, kisigino kimeinuka, manyoya mpaka ndani ya vidole. Safari hii nikajaribu miguu yote miwili na nikatembea navyo pale sokoni mpaka watu wakauliza. Maumivu yalipungua palepale.

Kasoro yake ni moja. Vilikuwa vya kike. Rangi ya zambarau, na juu vimetariziwa ua.

Nilivichukua. Mtu anayeumwa hachagui ua.

Nikawa navaa ndani tu, nyumbani na ofisini chini ya meza. Wenzangu walinicheka wakachoka. Kwa ajili ya nje, nikazitia zile buti vipande vya godoro ndani, zikawa za kubebeka kwa muda mfupi. Maisha yakaanza kwenda.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Nina mchumba, nimwite Consolata, mwalimu wa shule ya msingi Kasulu. Tulishakubaliana, kilichobaki ni mimi kwenda kujitambulisha kwao. Baba yake, Mzee Bizimana, aliingia nchini kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Amekulia huku, ni raia, ana shamba la mihogo na migomba, na nyumba ya tofali aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka. Mtu wa kanisa, maneno machache.

Consolata alinishauri nimtangulizie baba yake taarifa za mguu. Nikakataa. Niliona aibu mkwe mtarajiwa, afisa kilimo, nianze kujitambulisha kwa mkulima kwa kumwambia siwezi kusimama. Nikasema nina plan.

Plan yenyewe ilikuwa hii. Najua nyumbani kwa watu viatu vinavuliwa mlangoni. Basi nitavua buti zangu kama kila mtu, halafu nitatoa kwenye begi vile vya zambarau, safi, ambavyo tangu nivinunue havijagusa udongo, nitavaa na kuingia. Adabu nimeitunza na kisigino nimekitunza. Nilijiona nina akili sana.

Tukafika, mimi na mshenga wangu, mzee mmoja wa kanisani kwetu. Mlangoni viatu vimepangwa safu. Tukasalimiana, amahoro kwa wote, nikavua, nikatoa vyangu, nikavifuta na kitambaa mbele yao ili waone ni safi, nikavaa, nikaingia.

Sebule ikapoa. Nikadhani ni ukimya wa heshima. Shangazi yake Consolata akaangalia miguu yangu, akaangalia sakafu, akamwangalia kaka yake. Mimi nikadhani ni lile ua.

Tukala. Ugali wa muhogo, samaki wa migebuka, kila kitu kimeandaliwa kwa moyo. Maongezi yakawa ya hali ya hewa. Tunakaribia kuaga, Mzee Bizimana akaniambia kwa upole, akiniita mwanangu kwa Kirundi, "Mwana wanje, sakafu hii mama yenu ameipiga deki mara mbili tangu asubuhi, kwa ajili yako."

Wakuu, nikamjibu kwamba nimeona, inang'aa kweli, hongereni sana.

Jioni Consolata akanipigia analia. Kwao walichokiona ni kijana mwenye ajira ya serikali amekuja na viatu vyake kwenye begi ili asikanyage sakafu yao. Na kitambaa nikatoa! Alijaribu kueleza habari za kisigino, shangazi akauliza ni ugonjwa gani huo unaoanzia mlangoni, mbona kutoka barabarani nilitembea vizuri. Nilitembea vizuri kwa sababu ya godoro ndani ya buti, lakini nani angesikiliza.

Kilichonimaliza ni maneno ya baba yake. Alisema ameitwa mkimbizi sokoni, shuleni na maofisini, na yote ameyazoea. Hakutegemea kuambiwa mchafu ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Nilikaa kitandani nikiwa na vile viatu mguuni, nikalia. Sioni haya kusema. Mshenga akaambiwa asirudi mpaka aitwe, na Consolata akaniambia wazi kwamba hataolewa na mtu ambaye baba yake hamtaki. Nilijua hatanii.

Wiki zikapita bila neno. Nilikuwa nalala nikifikiria viatu. Mtu mzima, mwajiriwa, nakosa mke kwa sababu ya viatu vya maua! Nilikasirikia baridi, nikakasirikia Masasi, nikamkasirikia hata yule mzungu aliyemaliza kisigino cha buti.

Hatimaye mshenga akaitwa. Tukarudi, asubuhi ya ukungu. Safari hii nilivua buti, begi nikaliacha kwenye pikipiki, nikaingia peku.

Baridi ya ile saruji sitaisahau. Nikakaa. Akaingia mjomba, nikainuka kumsalimia. Akaingia jirani, nikainuka. Kila nikikaa unyayo unakaza, kila nikiinuka ni msumari. Akaja mama mkwe na chai, nikataka kuinuka, mguu ukakataa. Nikashika ukuta. Jasho likanitoka kwenye baridi ile, na sikuweza kulificha.

Mzee Bizimana alikuwa ananitazama mguu muda wote. Akaniambia nitembee mpaka mlangoni nirudi. Nikatembea, mnaweza kuwaza nilivyotembea. Akaniambia nikae. Akauliza vile viatu viko wapi, nikamwambia kwenye begi, kwenye pikipiki.

Akainuka mwenyewe.

Mama mkwe alitaka kumzuia aende yeye, mzee akamwonyesha kwa mkono akae. Akatoka nje. Shangazi amejiziba mdomo na kitenge. Mnajua wenyewe baba mkwe ni mtu wa aina gani kwako. Humpi mkono ovyo, hukai naye benchi moja. Yule mzee akarudi ameshika viatu vyangu, akainama, akaviweka mbele ya miguu yangu, kimoja baada ya kingine.

"Ungeanza na ugonjwa, ukamalizia na viatu," akasema. "Wewe ulituletea viatu kwanza. Vaa, mwana wanje."

Nikavaa. Machozi yalinitoka mbele ya ukwe mzima na sikuyafuta.

Mazungumzo ya mahari yakaanza siku ileile. Shangazi alikuja baadaye kunipa pole kwa njia yake, yaani alinishauri nipake mafuta ya ng'ombe. Nikamwambia asante shangazi, nitapaka.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kama una maumivu yasiyoonekana, yaseme mapema kwa mdomo wako. Ukinyamaza watu watayatafsiri wenyewe, na kila mtu ataanzia pale anapoumia yeye. Mimi niliona kisigino changu tu. Sikuwaza kabisa kwamba na mzee yule ana mahali pake panapouma.

Na kwenye viatu: jaribu miguu yote miwili, anza na ule mbovu, vaa na soksi yako ya baridi, tembea nacho kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikuambia kitaachia, ondoka.

Sasa naombeni msaada wa kweli. Ndoa ni msimu wa baridi, kanisa lina sakafu ya saruji na padri wetu hana haraka. Natafuta kiatu cheusi cha kiume, 43, laini, soli nene, chenye joto ndani. Nimezunguka Kibondo, Kakonko na Kasulu, hakuna. Mwenye kujua kinapatikana wapi, Mwanza, Kigoma mjini, popote, aseme hapo chini. Wenye visigino kama changu nao waje tupeane pole.

Consolata hataki kusikia habari za zambarau madhabahuni. Ila Mzee Bizimana ameshatoa tamko: visipopatikana, nitafunga ndoa na vya maua, na atakayecheka aende akajibu kwake.