Sweta Niliyoifumua

Nakumbuka siku ile sajini alipotua gunia la kwanza juu ya meza yangu ya kushonea, nami nikamjibu, "Sawa, afande." Maneno mawili tu, mwanangu. Tangu hapo nimeoa, nimezika, nimezeeka, na bado kila alfajiri maneno hayo mawili hunisalimu kabla ya mwadhini. Laiti ningekataa. Laiti ningesema cherehani imeharibika, kama alivyosema Mzee Shabani, ambaye kibanda chake kilikuwa mlango wa pili kutoka kwangu.

Tulikuwa Kisenyi, hapa Kampala, wakati wa utawala wa wanajeshi. Wahindi walikuwa wamefukuzwa nchini miaka michache nyuma, na maduka yao wakapewa watu waliouza kilichokuwa rafuni kisha wakafunga milango. Sabuni ilikuwa ya magendo, sukari ya magendo, hata uzi wa cherehani ulikuwa wa magendo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kuukosa ukarani, nikarudi kwenye kazi ya marehemu baba, ufundi cherehani. Nyumbani tulikuwa wanne: Mama, mimi, dada yangu Zaituni na mumewe Kassim, aliyeendesha lori la mizigo kwenda Kabale.

Zaituni alikuwa mfumaji. Mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono yake. Sufu mpya ilipokwisha madukani, alinunua masweta yaliyochakaa, akayafumua, akafua uzi, akauning'iniza na jiwe unyooke, kisha akafuma upya. Kabale ni baridi, basi akamfumia mumewe sweta ya kijani. Uzi ukamwishia kwenye mikono, akamalizia ncha za mikono kwa uzi wa kahawia uliotoka kwenye sweta ya shule.

Kassim alipoivaa mara ya kwanza alinyoosha mikono mbele yetu. "Watu wa Kabale watasema nimechovya mikono kwenye mchuzi."

"Ukishikwa na njaa njiani, lamba," Zaituni akamwambia.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile kikiwa hakina kasoro.

Sasa nirudi kwenye gunia. Sajini alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole ule ndio ulionilainisha. "Wewe fundi, hii nguo toa jina yote," alisema. "Toa lebo, badilisha kifungo. Refu fanya fupi, fupi fanya refu. Bibi yangu nauza soko ya Owino. Mtu akiona, asijue." Akaweka mezani miche ya sabuni na rili za uzi, nyeupe na nyeusi, uzi ambao nilikuwa sijauona kwa miezi. "Na wewe hapana uliza."

Sikuuliza. Zilikuwa suruali za watu wa ofisini, mashati yenye majina yaliyotariziwa ndani ya kola ili dobi asiyachanganye. Katika mfuko wa koti moja nilikuta kikaratasi kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri: chumvi, viberiti, dawa ya mtoto. Nilikitia kwenye pasi ya mkaa kikaungua, nikaendelea kushonoa jina.

Mzee Shabani alikuja na kikombe chake cha kahawa, akasimama mlangoni. Sajini alikuwa ameanzia kwake. Mzee akafungua mkanda wa cherehani, akauficha ndani ya kanzu, akasema, "Mashine imekufa, afande." Kwa kulinda neno lake alishona kwa mkono miezi minne, na macho yake hayakuwa mazuri.

"Unashona nini, kijana?"

"Nguo za mteja, Mzee."

"Mteja huyo ana miili mingapi?"

Nilijiona nimesoma, nikamjibu kwa methali. "Mshoni hachagui nguo."

Alikunywa kahawa yake taratibu. "Methali hiyo aliitunga mtu aliyeletewa nguo na mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Mwanangu, mzee akikupa neno kama hilo, likushike ukosi. Mimi lilinipita kama upepo, kwa sababu nyumbani palikuwa na sabuni na Mama alikuwa ananisifu.

Mwezi wa pili wa magunia, Kassim hakurudi. Lori lilionekana limesimama karibu na kizuizi cha barabarani upande wa Masaka, mlango wazi, mzigo haupo. Zaituni alikuwa mjamzito wa miezi minne. Alizunguka na picha ya mumewe, kituo hadi kituo. Kwenye kituo kimoja askari aliitazama ile picha, akacheka na wenzake, akamwambia, "Nenda nyumbani, nyabo. Mume yako amepata mtoto wa Kabale, mweupe kuliko wewe." Zaituni akarudi, akapika, akamwekea Kassim chakula chake na kukifunika kwa sahani. Alifanya hivyo kila siku.

Utadhani hapo niliacha kupokea magunia. Sikuacha. Nilijiambia kwamba nikikataa sasa wataniuliza kwa nini, na wakiniuliza wataifuata familia nzima. Hofu ilikuwa ya kweli, sikudanganyi. Watu walikuwa wanachukuliwa mchana kweupe. Lakini hofu ile niliikaribisha mwenyewe siku niliyosema sawa.

Ijumaa moja nikafungua gunia, na chini kabisa, chini ya mashati, nikaona ncha za mikono ya sweta, za kahawia.

Sikuhitaji kuitandaza. Niliitandaza. Kifuani palikuwa na doa limekauka, gumu kama ngozi, na katikati ya doa tundu mbili. Mafundi wa vibanda vya jirani walikuwa wameshakwenda msikitini. Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni na sweta ya shemeji yangu mapajani.

Ningeweza kuibeba nikampelekea Mama, tukafunga milango, tukalia kimya kimya kama walivyolia wengine. Au ningeweza kuichoma yote, ikawa siri yangu na Mungu wangu. Sikufanya la kwanza wala la pili. Nilichukua mkasi, nikaikata sehemu ya kifua, nikaichoma kidogo kidogo ndani ya pasi. Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Iliyobaki niliifumua. Sufu ilikuwa haipatikani Kampala nzima, Mama alikuwa ananidai uzi kwa ajili ya mtoto anayekuja, na mkono wa fundi aliyelelewa katika uhaba hauwezi kutupa uzi mzima. Nikajiambia uzi uliofumuliwa hauna jina. Niliuosha, nikauning'iniza na jiwe, nikaupeleka nyumbani katikati ya mabonge mengine.

Lakini bibi yetu aliyemlea Zaituni alimfundisha kuunga uzi bila fundo: unapasua ncha mbili, unazilaza pamoja, unazisokota kwa mate mpaka zishikane. Kisenyi nzima hakuna aliyeunga hivyo ila yeye. Alikuwa anazungusha bonge la kijani alasiri moja, vidole vikafika kwenye kiungo, vikasimama. Akatafuta bonge la kahawia, akalikuta.

"Kaka, uzi huu umeutoa wapi?"

"Owino."

"Kwa nani?"

"Mama mmoja alikuwa anauza sweta kuukuu. Nikanunua, nikaifumua."

Nilingoja apige yowe. Badala yake uso wake ukafunguka. "Basi ameiuza," akasema.

"Nani?"

"Kassim. Ameiuza apate nauli. Amevuka mpaka, yuko Kenya. Mama, si nilikwambia? Maiti haiuzi sweta."

Mama akainua mikono, akasema Alhamdulillahi, na machozi yakamtoka. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikakifunga. Nilisema moyoni, mwache ajifungue kwanza. Akajifungua salama mtoto wa kike, Rehema, nikasema, mwache amnyonyeshe kwanza. Uongo, mwanangu, hauombi kuishi miaka. Huomba siku moja tu, na kesho huomba nyingine.

Hakumfumia mtoto kwa uzi ule. Alimfumia Kassim upya, sweta ileile, ili aikute akirudi. Uzi haukutosha kifuani, akaniuliza, "Mbona umepungua?" Nikamwambia panya walikuwa wameitafuna. Akafumua nyuzi za magunia ya unga, akafuma kifua kwa hizo. Sweta ikatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango: kijani, ncha za mikono za kahawia, na kifua cheupe mahali hasa palipokuwa na doa. Kila nilipoingia kula, ilinitazama.

Gunia lililofuata nililikataa. Nilimwambia sajini cherehani imekufa. Alinitazama, akabeba gunia lake, akaenda kutafuta fundi mwingine. Hivyo tu. Kumbe ilikuwa inawezekana.

Miaka ikapita. Fundi makanika mmoja, mjane, mtu wa swala na kazi, alikuja kumposa Zaituni kwa heshima zote. Alijibiwa kwa neno moja: "Mimi ni mke wa mtu." Kila Ijumaa alipita Owino akiwauliza wauza nguo kama wanamkumbuka kijana mrefu aliyeuza sweta. Wakawa wanamwita Mama Sweta. Naye alitabasamu, kwa sababu mwenye tumaini hatukaniki.

Kisha serikali ile ikaanguka, na waliokimbia wakaanza kurudi. Zaituni akawa anakwenda kituo cha mabasi ya Kenya kila asubuhi, amemshika Rehema mkono, sweta ndani ya kikapu. Basi likifika, anasimama karibu na ngazi na kutazama uso wa kila ashukaye. Siku ya ishirini hivi, Mzee Shabani alinijia kibandani. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliniona kwa sauti.

"Dada yako anampokea nani kule?"

Nilizidi kukanyaga cherehani.

"Ijumaa ile pasi yako ilinuka sufu," akasema. "Nilirudi kutoka msikitini nikainusa. Dada yako alipoanza kuuliza Owino habari za sweta ya mumewe, nikajua. Nimengoja useme, na kungoja kwangu nako ni dhambi, nitaibeba. Wewe beba yako leo, kabla basi la kesho halijafika."

Nilimwambia Zaituni jioni ile mbele ya Mama. Nilisema yote: gunia, doa, tundu mbili, mkasi, pasi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Kile kifua ulichokichoma, majivu yake uliyatupa wapi?"

Nikamjibu kweli. Nje, pamoja na majivu ya mkaa.

Kesho yake alivaa nguo nyeupe na kwenda kwa sheikh, akitaka kukaa eda. Sheikh alikuwa mtu wa huruma, lakini sheria aliijua. Alimwambia eda ya mjamzito aliyefiwa huisha siku anapojifungua. "Yako ilikwisha mtoto wako alipozaliwa, mama. Hukujua tu." Alirudi akasimama mlangoni kwangu, na haya ndiyo maneno ya mwisho aliyowahi kunena nami:

"Walimchukua mume wangu, nao sikuwajua. Eda yangu umeichukua wewe, na wewe nakujua."

Wiki ile alihama na Rehema kwenda Tororo kwa ndugu wa Kassim. Asubuhi nilipofungua kibanda, nilikuta ile sweta imekunjwa juu ya cherehani.

Mwanangu, nimekuhadithia ili usipite nilipopita. Ukiletewa kazi isiyo na mwenyewe, usiiguse, hata kama mkono unaoileta umeshika sabuni. Mwovu hatakuomba uue. Atakuomba utoe vifungo. Kataa mapema, maana la kwanza ndilo jepesi kukataa. Na kama umejua habari ya msiba, ipeleke kwa mwenyewe. Usimpimie machozi yake kwa kipimo chako, ukasema leo hayawezi, kesho atayaweza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nami nilificha kifo, nikaumbuliwa na maisha yote yaliyobaki. Kilio ni mali ya aliyefiwa. Ukimwekea, umemwibia.

Mungu akupe mikono safi na riziki isiyokutoa jasho la hofu. Akupe wazee watakaokukemea, na masikio ya kuwasikia. Akuepushe na ukimya unaojiita huruma. Amina.

Mimi niliandika barua Tororo miaka yote, hakuna iliyojibiwa. Zaituni alipofariki, niliarifiwa baada ya siku tatu, maziko yameshapita, kwa kuwa ndivyo alivyousia. Nilipofika, Rehema alinipa kiti na chai, akaniita mzee, si mjomba. Kwa kusema sawa nilipata miche ya sabuni na rili za uzi. Nilimpoteza dada yangu wa pekee akiwa hai, kisha nikamkosa hata kaburini.