Ulimi wa Matano Warejea Kazini

Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa mbili kasorobo asubuhi, anga ya Ukunda ni nyeupe na jua limekwisha kuanza kuuma. Hapa Kona ya Musa, Matano Swalehe, muuza matunda na mboga mwenye umri wa miaka hamsini na minne, anakata kipande cha nanasi, anakitafuna taratibu, kisha uso unamkunjamana.

“Usilinunue hili, Bi Mishi,” anasema. “Ni chachu.”

Bi Mishi, mpishi wa harusi kutoka Kinondo, anatua kikapu chake chini. “Miaka kumi na tisa unatuapia kuwa ni asali, leo ndipo umeujua uchachu?”

“Leo nimeuonja, dada yangu.”

“Basi nirejeshee yale mawili ya harusi ya Fauzia. Bwana harusi alitafuna akafumba macho, watu wakadhani anaomba dua.”

Wauzaji wa meza za jirani wamegeuka kusikiliza.

Hadi Oktoba iliyopita, Matano hakuwa akila bidhaa zake. “Kinyozi hajinyoi,” hujitetea. Kifunguakinywa chake kilikuwa kahawa chungu na sigara, na kwa siku alimaliza pakiti nzima, iliyomeza takriban shilingi mia tatu katika faida ya mia tisa. Moshi ulikuwa umemuua ulimi. Utamu aliouapia aliupata kwa kuambiwa na wakulima waliomuuzia. Kiapo chake kilikuwa kweli moyoni na uongo mdomoni.

Ndipo alipofika muuguzi Hafsa, akitafuta wavutaji wa kushiriki utafiti wa miezi mitatu: watakaokula matunda na mboga kila siku na kupimwa damu mwanzoni na mwishoni.

“Moshi huleta mwilini chembe zinazoula mwili kama kutu inavyoula bati la pwani,” Hafsa anaeleza. “Wataalamu huuita mkazo wa oksidishaji. Tulitaka kujua kama matunda na mboga huipunguzia kutu hiyo kasi.”

Matano alisikia nusu. Kwa hesabu yake, kila kipande cha papai kilikuwa kibali cha sigara moja. Wiki ya kwanza alikula mapapai matano kwa siku, akavuta pakiti mbili, na akajiona ana afya kuliko vijana wote wa Ukunda.

Hafsa alipogundua, hakumwonea haya. “Baba, papai si kifutio. Huwezi kulimwagia bati maji ya chumvi kwa ndoo, halafu ukalipaka rangi kwa kijiko.”

“Kwa hiyo nipunguze chumvi?”

“Hiyo kwanza. Rangi baadaye.”

Alipunguza hadi sigara nne kwa siku. Mwezi wa pili, ladha ikamrudia, na wa kwanza kuadhibiwa akawa mkewe, Twaiba: mumewe aliuliza ni nani aliyeijaza chumvi mboga ya mchunga. “Nimempikia miaka ishirini na sita bila lawama,” asema Twaiba. “Alipokuwa akivuta alikuwa na adabu.”

Wiki iliyopita majibu ya damu yalitoka: kipimo cha ile kutu kimeshuka kidogo. Hafsa hathubutu kusema kama sifa ni ya mboga au ya sigara zilizopungua. Matano, kwa kuwa ni mfanyabiashara, ameipa mboga.

Lakini ulimi mkweli una gharama. Tangu aanze kuonja kabla ya kuuza, faida imeshuka hadi shilingi mia sita. Na sasa Bi Mishi amesimama mbele yake, mkono kiunoni.

Maweu, muuza nyanya wa meza ya pili, anamnong’oneza: “Mzee, ukimlipa huyu, kesho utaona laini ya wanaodai mpaka barabara ya Lunga Lunga. Hata mimi uliniuziaga embe mbaya.”

Matano anachukua nanasi jingine. Anakusudia kuziacha zile sigara nne kabla ya Ramadhani. “Nikiapa tena,” anasema, “nataka niape nikiwa na ulimi.”

Anaonja mananasi matatu, anayakataa, anaendelea. Anapata mawili matamu, anayatia kikapuni mwa Bi Mishi.

“Mawili kwa mawili. Deni limekwisha?”

“Limekwisha.”

Matano anafuta kisu, anamgeukia Maweu.

“Na embe lako wewe, lilikuwa dodo au boribo?”