Shimo la Pakacha Katika Sebule ya Bi Zubeda

Kwa fikira za Pakacha, nyumba ile ya shamba ilikuwa yake. Wenyewe, Bwana Zahor na mkewe Bi Zubeda, walikaa kisiwani Chole kwenye duka lao, na shamba la Baleni walilijia msimu wa kipupwe tu, kubadili hewa na kunywa madafu. Tangu Bwana Zahor aanze kuumwa miguu hawakuja kabisa. Nyumba ikabaki na popo, mchwa, Mize na Pakacha. Popo walikaa darini, mchwa ukutani, Mize, mwangalizi wa shamba, katika kibanda cha uani, na Pakacha katikati ya sebule, mahali ambapo udongo ulikuwa baridi hata jua likiwa la utosi. Pale alichimba shimo lake. Alilichimba kidogo kidogo, akajizungusha ndani, akalipapasa kwa makucha, mpaka likawa na umbo lake mwenyewe: mahali pa mgongo, mahali pa pua, na kibonde kidogo cha mkia.

Jina alilipata siku aliyoletwa. Mwinda nguruwe mmoja wa Kanga alimbeba, mtoto mdogo wa mbwa, ndani ya pakacha la kuti, akampa Mize, maana ngedere na nguruwe walikuwa wanamaliza muhogo wa shamba lile.

"Mrudishe," Mize alimwambia. "Mimi nina watoto wawili wa kunikosesha usingizi. Wananitosha."

Lakini pua moja nyeusi ilikuwa imekwisha kutokeza kwenye tundu la pakacha, ikimnusa vidole vya miguu. Mize akainuka kwenda kutafuta machicha ya nazi.

Alikuwa mtu wa hofu, Mize. Alizaliwa palepale Baleni, akasoma chuoni mpaka juzuu ya Amma, kisha akatolewa kwenda kulea wadogo zake. Akaolewa na Ussi, mkwezi. Kila Ussi alipopanda mnazi, Mize alisimama chini akimwangalia, kana kwamba macho yake ndiyo yaliyomshika kule juu. Siku aliyoanguka Ussi akafa, Mize alikuwa kisimani. Tangu hapo lilimkaa moyoni kwamba jambo lolote asiloliangalia litaanguka. Akawaangalia watoto wakila, wakioga, wakilala, mpaka watoto wenyewe wakachoka kuangaliwa. Mwanasiti akaolewa Utende. Matano akavuka kwenda Dar es Salaam kufanya kazi ya reli ya Wadachi. Macho ya Mize hayakufika huko. Akabaki kumwangalia mbwa.

Pakacha naye alimwangalia Mize. Kila asubuhi alimwona akitoka kibandani, akisimama ameelekea Utende, kisha akigeuka kuelekea upande wa bara. Pakacha aliketi kando yake akatazama huko huko. Hakuona kitu ila majani ya muhogo, lakini alitazama kwa bidii, maana huenda palikuwa na nguruwe.

Mkono wa Mize haukumgusa, kwa sababu ya udhu. Alimkuna kwa upongoo, ule uti mkavu wa kuti, toka shingoni mpaka kiunoni, huku akimsema: "Mchafu wewe. Mvivu wewe. Jana ngedere wamekula mpapai mzima na wewe umelala. Nani atakuoa?" Pakacha alifumba macho. Maneno hayakumdhuru, upongoo ulikuwa mtamu.

Mwaka mmoja Bi Zubeda aliugua homa ndefu, akapona amekonda. Wakamshauri akakae shamba na wajukuu zake. Habari ikafika Baleni kwamba nyumba itengenezwe upya, na fundi Shamte akaja kutoka Utende na watu wake.

Pakacha hakuelewa kosa la nyumba. Kwanza walivua makuti ya zamani, na mbingu ikaingia ndani. Popo wakatoka mchana kweupe wakipigana na jua. Kisha wakavunja kuta zilizoliwa na mchwa, wakafunga fito mpya, wakakandika udongo kwa makofi. Kisha wakachoma mawe ya pwani kupata chokaa, na harufu yake ikamuuma puani hata akapiga chafya siku nzima. Yote hayo aliyavumilia. Kisha siku moja Shamte akaingia sebuleni, akasimama juu ya shimo lake.

"Hapa palikuwa na nini? Kaburi?"

"Ni kitanda," akajibu Biubwa, jirani na shoga wa Mize, mwanamke mnene mwenye sauti ya zumari, ambaye ndiye aliyewaongoza wanawake wa Baleni kila palipopigwa sakafu. "Kitanda cha yule."

Shamte akageuka akamwona Pakacha mlangoni. "Mbona ananitazama kama msimamizi?"

"Ndiye mwenye nyumba. Muulize kama umepatia."

Wakacheka wote. Wakatia mawe ndani ya shimo, wakalishindilia. Pakacha aliona kila jiwe likiingia.

Ikaja Ijumaa. Sakafu ilikwisha kumwagwa kokoto na chokaa, ikasawazishwa kwa ubao, laini, nyeupe, mbichi. Baada ya swala wanawake walikuwa waje na vigongo vyao kuipiga mpaka ishikane. Wanaume wakaenda msikitini. Wanawake wakaenda kupika, maana palikuwa na hitima kwa jirani. Mize aliachwa alinde mlango.

Akaulinda, akaulinda, kisha akaona mtungi hauna maji. Wageni wakitoka kuswali watataka maji. Akautazama mlango, akamtazama Pakacha aliyelala chini ya mkorosho amefumba macho. Akajitwika mtungi, akaenda mbio.

Pakacha hakuwa amelala. Aliingia polepole. Ndani palikuwa baridi kuliko siku zote. Akanusa kona hii, akanusa kona ile, akafika katikati, na hapo pua ikamwambia kwamba kitanda chake kipo, kimefunikwa tu. Akachimba. Chokaa ikaruka nyuma yake mpaka ukutani. Akajizungusha mara moja, mara mbili, akalala, akashusha pumzi.

Mize aliporudi akauachia mtungi kichwani, ukavunjika kizingitini.

Akatafuta kamba, akamtia Pakacha kitanzi. Alimvuta kwa kamba hiyo mpaka nje, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwangalia nyayo. Chokaa inaunguza. Akammwagia miguuni maji yaliyobaki katika kigae cha mtungi, akampaka mafuta kwa kumbi la nazi, miguu yote minne, huku machozi yakimtoka. "Umeniua. Umeniua, mwanangu. Inauma? Usirambe! Umeniua."

Kisha akarudi ndani. Juu ya sakafu ile Bi Zubeda angetandika mswala wake. Wajukuu wangetambaa. Na mbwa alikuwa amelala hapo, na chokaa ni mbichi. Jambo hili Mize alilijua sawasawa, alilisoma utotoni: maji mara saba, na moja kati ya hizo yachanganywe na udongo. Akalifukia shimo, akasawazisha kwa ubao kama alivyomwona Shamte akifanya. Akakimbilia kisimani na ndoo, akarudi, akamwaga. Akaenda tena. Mara saba alimwaga, sebule nzima, ukuta hadi ukuta, na maji ya udongo hakuyapunja. Twahara aliijua. Chokaa mbichi hakuijua.

Hitima ilikuwa na wali mwingi, na siku ile hakuna aliyerudi kazini. Mize akafunga mlango, akamshukuru Mungu.

Asubuhi Shamte alifungua mlango, akasimama kizingitini hata watu waliokuwa nyuma yake wakamsukuma waone. Sakafu ilikuwa imefanya magamba kama samaki. Alipoigusa kwa kidole cha mguu, ikameguka.

"Chokaa haikuiva," akasema taratibu. "Nani alikuwa anaangalia moto?"

"Wewe mwenyewe, fundi," akasema Biubwa.

Hakuna aliyecheka, kwa jinsi uso wa fundi ulivyokuwa. Na palepale, kana kwamba shari haikutosha, ukasikika mlio wa kwato. Bi Zubeda alikuwa amevuka mapema kutoka Chole, akapanda punda mweupe toka Utende, aje aone nyumba kabla ya kuwaleta wajukuu.

"Shikamoo, bibi," Mize akasema.

"Marahaba, Mize. Mbona mmesimama kama mko msibani?"

Shamte akaanza kueleza habari ya moto na mawe. Mize akapima moyoni. Akisema, mbwa ataondoka. Asiposema, fundi ataonekana hajui kazi. Pakacha, aliyekuwa nyuma ya nyumba, akasikia harufu ya Mize imebadilika. Ilikuwa harufu ya hofu, ile kali, ambayo kwa kawaida ilikuja na nguruwe. Akatoka mbio kumsaidia. Akasimama mbele ya watu wote, tumbo jeupe, mbavu nyeupe, mkia mweupe, chokaa imemgandia kama ngozi ya pili.

Biubwa ndiye aliyeona kwanza. "Shoga, mbwa wako anakwenda harusini?"

"Ni majivu," Mize akasema.

"Majivu yaliyoganda?"

"Mize," akasema Bi Zubeda.

Basi Mize akasema yote: mtungi, shimo, ndoo, udongo. Alisema akitazama chini. Alipomaliza, Shamte alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Maji mara saba juu ya chokaa mbichi! Bi Mize, ulitaka kuitwaharisha au kuizamisha?"

"Nilitaka watoto watambae pasafi."

Bi Zubeda aliziba mdomo kwa pindo la ukaya wake wa kichwani, na haikujulikana kama ni kikohozi. Lakini alipoutoa, uso ulikuwa mkavu. "Umefanya kwa nia njema, Mungu anaona. Fundi ataanza tena. Ila mbwa huyu aende Kanga kwa wawinda nguruwe, leo. Nyumba yangu si ya mbwa."

Watu wakatazamana. Mize katika maisha yake hakuwahi kumkatalia mtu. Alipotolewa chuoni hakukataa. Alipoposwa hakukataa. Matano alipoaga kwenda bara, alimfungia mkate wa kumimina akasema nenda. Pakacha akamsogelea mpaka vivuli vyao vikawa kimoja.

"Bibi," Mize akasema, "nyumba hii nyinyi mnaikaa kipupwe kimoja. Masika, vuli na kaskazi tunaikaa mimi na yeye. Ukimpeleka Kanga, nami nitamfuata. Siwezi kubaki na nyumba peke yangu."

Biubwa akashika kiuno. Hata punda aliacha kutafuna.

Bi Zubeda alimtazama Mize, kisha akamtazama mbwa, ambaye wakati ule alikuwa anajikuna sikio bila heshima yoyote.

"Anauma?"

"Anauma nguruwe, bibi."

"Na watoto?"

"Hajawahi kuona mtoto. Nitamwangalia."

"Hilo najua," akasema Bi Zubeda. "Kwa kuangalia hujambo, ukiondoa mtungi." Akashika hatamu ya punda. "Basi akae. Mguu wake usivuke kizingiti maadamu nipo, na wewe ndiye bawabu. Fundi, piga sakafu. Mize, mfunge mpaka ikauke, na safari hii maji ya kunywa akateke mwingine."

Shamte akachoma mawe mengine, chokaa mpya ikamwagwa. Mize alirarua kipande cha kanga yake kuukuu akamfunga Pakacha kwenye mkorosho, fundo juu ya fundo, akarudi kulikagua, akaongeza jingine. Kisha akachukua kigongo, akapiga magoti kwenye mstari na wanawake wenzake, mahali ambapo aliweza kumwona kupitia mlangoni. Biubwa akatoa wimbo:

"Sakafu, lala!"

"Nalala!" wakaitikia, vigongo vikashuka pamoja.

"Usiamke!"

Na kabla hawajaitikia, Pakacha, aliyekuwa amechoka kutengwa, akainua pua juu akatoa mlio mrefu wa kilio, ulioingia sawasawa mahali pa kiitikio.

Vigongo vikasimama. "Haya, tumepata mwitikiaji," Biubwa akasema. "Tena huyu hatatudai wali wa kazi. Usiamkeee!"

"Uuuuuu!" Pakacha akaitika.

Wanawake wakaangukiana kwa kicheko. Na katikati yao Mize, chokaa hadi kwenye nyusi, aliegemea kigongo chake akacheka kwa sauti kubwa, macho ameyafumba kabisa. Pakacha hakuwahi kuisikia sauti ile. Akainua masikio, akangoja Biubwa aseme tena.