Msemaji wa Picha ya Nahodha

Miaka ile picha za sinema zilikuwa bubu, na Kahigwa ndiye aliyezisemea. Katika ghala la mfanyabiashara Tayabali, karibu na bandari ya Mwanza, wachukuzi walikaa juu ya magunia ya pamba wakimngoja Muhaya huyu, msomi wa misheni, asimame kando ya shuka jeupe ayageuze maandishi ya Kizungu kuwa Kiswahili.

Picha aliyoiogopa ilitokana na kitabu cha mabaharia. Nahodha anawachapa watu wake viboko. Mara yumo peke yake mtumbwini, mikono imefungwa, merikebu inamwacha. Hapo katikati wakubwa wa serikali walikuwa wamekata kipande: mabaharia wakimwasi.

"Sema aliugua," Tayabali alimwonya. "Ukisema lingine watafunga ghala, na wewe utarudi Bukoba kwa miguu."

Jioni hiyo Kahigwa alimwona Venant, karani wa boma, mtu wa kwao. Hakuwahi kuja. Kwa nini leo? Na kwa nini amekaa mlangoni?

"Nahodha akashikwa na homa," Kahigwa alisema.

"Homa!" Ngosha, mchukuzi, akacheka. "We Muhaya, mgonjwa gani anafungwa kamba?"

"Homa ya viboko hiyo!" mwingine akadakia.

Kahigwa akamtazama Ngosha. Mbona anauliza kwa sauti kubwa hivyo? Nani amemtuma? Akafunga mdomo.

Ghala likaendelea bila yeye. "Mshikeni mwenye kofia!" "Mnyang'anyeni kiboko!" Wachukuzi wakakitunga kile kipande pigo kwa pigo, na katika kila pigo lilisikika jina la nyapara wao wa bandarini.

Picha ilipokwisha, Venant alimsubiri nje.

"Waitu Kahigwa," akamwita kwa heshima ya Kihaya, "nani aliwafundisha maneno yale?"

"Mimi nilinyamaza."

"Ndiyo. Nimekusikia ukinyamaza."

Kabla ya juma kwisha Tayabali alimwambia asije tena. Kahigwa hakujua kamwe ni nani aliyepeleka habari bomani: Venant, Ngosha, au Tayabali mwenyewe aliyetangulia kuogopa. Alihamia Misungwi, akafungua kibanda cha chumvi na vibiriti.

Miaka ikapita. Siku moja mteja mwenye mvi akamkazia macho.

"Si wewe uliyekuwa ukisema picha? Hebu niambie leo, mzee mwenzangu. Yule nahodha alifungwa na nani?"

Kahigwa akafunga chumvi kwenye karatasi, taratibu. Akachungulia barabarani, huku na huku.

"Alishikwa na homa," akasema.