Shangazi Alipoingia Barafuni

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, huwaambia nilikuwa napigwa kwa mshahara. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Nimecheza mpira wa magongo wa barafuni, ule wa kuvaa viatu vyenye chuma chini na kugombania kisahani cheusi, kwa kulipwa, katika miji ya baridi ambayo wenyeji wake wenyewe wakipata nauli wanaihama. Mtu wa Tanga! Mungu ana mambo yake.

Wa kulaumiwa ni baba. Alikuwa fundi wa majokofu makubwa, akatuhamisha Tanga akatuleta Johannesburg nikiwa mtoto, na kazi aliyoipata ilikuwa kutunza mitambo ya kugandisha uwanja wa barafu ndani ya jengo moja la maduka. Mama naye alikuwa anarudi jioni, kwa hiyo nikitoka shule naenda kumsubiri baba palepale. Mtoto akisubirishwa sana hugusa vitu. Nikagusa viatu vya kukodisha, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena, nikakasirika. Hasira ndizo zilizonifundisha, na hasira nilikuwa nazo za kugawia darasa zima.

Kipaji sikuwa nacho, tusidanganyane. Nilikuwa na mwili na kichwa kigumu, na kwenye mchezo ule watu wa namna hiyo wana kazi yao maalumu. Kila timu ina mfungaji wake, na kila mfungaji ana mtu wa kumlinda. Ukimuumiza mfungaji wetu, mimi nakufuata, nakuuliza, "Twende?" Ukikubali, tunatupa glovu chini, tunakamatana mashati, tunapigana ngumi za uso mpaka mmoja aanguke. Wenzetu wote wanasimama pembeni wanaangalia. Marefa nao wanasimama wanaangalia. Tukimaliza tunapelekwa kukaa kwenye vibanda viwili vya adhabu, kila mtu na damu yake. Akitokea mtu wa tatu akaingilia, huyo ndiye anayefukuzwa uwanjani! Ndiyo adabu ya mchezo, na mimi niliiheshimu kuliko sheria za barabarani.

Kwa kazi hiyo nikazunguka. Msimu huu timu hii, msimu ujao ile. Mtu wa aina yangu hapewi kwaheri, anakuta tu jina lake limebanduliwa kwenye kabati la nguo, anajua ndiyo hivyo, anabeba begi lake kwenda stesheni. Pua ilivunjwa upande huu, ikanyooshwa, ikavunjwa upande wa pili, nikawaambia basi iacheni hapohapo. Meno ya mbele haya si yangu. Wazazi walikuwa wamesharudi Tanga kupumzika, na mama kila nikimpigia simu ananiuliza kama nimevaa sweta.

Mwishowe nikarudi Johannesburg, nikapanga chumba Troyeville. Ligi ya huku ni ya watu wenye kazi zao: wanafunzi, wahasibu, mafundi. Lakini timu moja ilikuwa na mwenyewe, tajiri wa matairi, aliyekuwa anataka kikombe kwa udi na uvumba, akaniajiri. Kocha wake hakunizungusha. Akaniambia watu wa kufunga mabao wanao, mimi wananitaka kwa ile kazi yangu.

Halafu nikapenda. Nilimkuta kwenye foleni ya mkate kwa Wareno, Rosettenville, ananibishia kwamba nimemchukulia nafasi. Mimi na ubabe wangu wote nikarudi nyuma. Naye ni wa Tanga, anafundisha hesabu chuoni Braamfontein, na ulimi wake ni wembe. Haikupita muda nikatuma mshenga kupeleka posa.

Baba yake ni marehemu. Walii wake ni kaka yake aliyeko Dar, na kaka huyo kwa jambo lolote duniani ana jibu moja: "Shangazi kasemaje?" Shangazi huyo ndiye aliyemlea mchumba wangu, anaishi naye Rosettenville, anauza vitumbua na bajia dirishani kwake, na mtaa mzima unamwogopa, polisi wakiwemo. Mshenga alirudi ananipa jibu huku haniangalii usoni.

"Hajakataa," akasema. "Kasema kwanza achunguze."

Kwetu hilo si ajabu. Binti hatolewi tu kama paka wa kwenye boksi. Watu huenda wakauliza msikitini, wakauliza majirani, wengine hupita kazini kwa bwana huyo wakamtazame. Mimi nikadhani ataanzia msikitini, kwa hiyo nikaanza kuwahi safu ya mbele, mpaka imamu akaniuliza kama nina matatizo nyumbani. Kumbe shangazi wala hana habari na msikiti. Akamtuma mshenga aniambie Jumapili anakuja kuniona kazini.

Nikampigia simu mchumba, jasho linanitoka. "Ulimwambia mimi nafanya nini?"

"Nimemwambia unacheza."

"Ehe?"

"Akaniuliza mtu mzima na akili zake anacheza nini." "Sikiliza. Ukipigana mbele yake tumekwisha. Akishasema hapana, kaka naye atasema hapana, na mimi sitaolewa kwa kugombana na mtu aliyenilea. Usipigane. Siku moja tu, jamani, huwezi?"

Nikamwambia naweza. Nilimtaka yule mwanamke kuliko kitu kingine chochote, na sioni haya kusema.

Basi nikajipanga. Timu tuliyokuwa tunakutana nayo ilikuwa na mgomvi wao, Mzungu mmoja fundi bomba, mnene, mpole, ambaye nilishapigana naye mara kadhaa na baadaye tukanywa kahawa pamoja. Nikampigia. Nikamweleza kwamba Jumapili wakwe wanakuja kunikagua, kwa hiyo asiniguse na mimi simgusi. "Eish, hongera," akasema. "Sharp, tumeelewana." Kocha nilipomwambia kwamba siku hiyo sipigani, alicheka mpaka akapaliwa.

Jumapili shangazi akaja. Makoti mawili, kanga juu ya mtandio, blanketi begani, chupa ya chai, kapu la vitumbua, na jirani yake wa kumsindikiza, mama mmoja Mkongo wa Lubumbashi ambaye naye alikuwa amejifunika kama anahama. Nikaenda mpaka kwenye ukingo, nikamwamkia. "Shikamoo, shangazi." Akaitikia huku ananitazama kuanzia helmeti mpaka vyuma vya miguuni, akaniuliza kama hiyo nguo ndiyo sare au ninaumwa. Wakakaa nyuma tu ya benchi letu, karibu na kigeti cha kuingilia barafuni.

Mechi ikaanza, umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, taa zikarudi nusu na barafu ikaanza kutoa maji. Kawaida. Nikamsikia shangazi anauliza mpira wenyewe uko wapi.

"Njo kale kadudu keusi," mama Mkongo akamjibu.

Nawaambieni, nilicheza kama mtoto wa madrasa. Mtu akinisukuma naomba radhi mimi. Shangazi naye akakolea, akawa anapiga makelele, "Mpe mwenzio! Wee, mpe mwenzio!" na mfungaji wetu alipofunga, akasimama akapiga vigelegele, ukumbi mzima ukageuka. Moyoni nikasema mke nimepata.

Mfungaji huyo alikuwa daktari wa meno. Ndiye aliyenitengenezea meno haya ya mbele. Kipindi cha pili alikuwa ameinama kwenye ukuta anakitafuta kisahani, yule fundi bomba akaja kwa nyuma mzimamzima. Naamini hakukusudia, barafu ilikuwa majimaji, akashindwa kujizuia. Lakini daktari aligonga ukuta kwa kichwa, akalala kifudifudi, hakuinuka.

Benchi zima likanigeukia. Fundi bomba mwenyewe alikuwa amesimama pale katikati, ananiangalia kwa huruma, maana na yeye anaijua adabu ya mchezo. Nikamtazama shangazi. Amesimama, mkono mdomoni. Nikawaza foleni ya mkate, nikawaza ile simu, nikajiambia kaa hapo, mpumbavu wewe, kaa. Nikamwangalia daktari, mguu wake mmoja unatikisika peke yake. Nikaruka ukingo.

"Twende?" nikamwambia.

"Pole sana, kaka," akasema. "Twende."

Ngumi yake ya kwanza ilinifungua nyusi. Yangu ikampata puani. Watu wakainuka, wanashangilia, wanapiga ngumi kwenye vioo vya ukingo, marefa wamesimama wanatusubiri, na katikati ya kelele zote hizo nikasikia sauti moja inalia.

"Amueni! Jamani, amueni! Nyie watu mna nini?"

Halafu nikasikia kigeti kinafunguka.

Kwa jicho moja lisilokuwa na damu nikamwona shangazi yuko barafuni. Na viatu vyake vya mpira! Anatembea hatua ndogondogo, mikono ameitanua, kanga inaburuta, mama Mkongo ameshikilia pindo kutoka getini anapiga kelele, "Mama yangu eh! Banauana!" Refa mmoja akamkimbilia, anampungia mkono atoke. Shangazi alimjibu maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika, mama yangu anajua kusoma. Akatufikia. Akajipenyeza katikati yetu, mkono mmoja kifuani kwangu, mwingine kifuani kwa Mzungu wa watu, akasema, "Basi. Basi, wanangu. Yaishe."

Fundi bomba akasimamisha ngumi hewani. Mimi nikashusha yangu. Asiyeweza kusimama alikuwa shangazi: miguu ilimtangulia mbele, akaangukia mkono, na sote watatu tukasikia mfupa.

Wahudumu wa uwanjani walikuwa na machela moja, na ilikuwa na daktari wa meno, aliyekuwa ameshafumbua macho na kuuliza kama kisahani kilikuwa chetu. Kwa hiyo tulimbeba shangazi sisi wawili, tukampakia kwenye bakkie, pikapu ya fundi bomba, katikati ya mabomba, na mama Mkongo nyuma yake akisali kwa Kifaransa. Yule Mzungu aliendesha huku analia kwa pua na kwa macho, akapita robot mbili, taa za barabarani za huku, zote nyekundu. Mimi sikuwa naona barabara. Nilikuwa namwona mchumba wangu anapokea simu.

Hospitali tukakalishwa kwenye viti vya plastiki vya mapokezi: shangazi na mkono wake uliofungwa kwa mtandio, mimi na nyusi iliyopasuka, bado nina jezi na soksi bila viatu, fundi bomba na pamba puani. Mama Mkongo akapitisha vitumbua. Hakuna aliyekataa.

Nikaona nijitetee kabla sijazikwa. "Shangazi, nisamehe. Ile ni kazi tu. Mwenzetu aliumizwa, na kule..."

"Nimeona," akanikata. "Mwenzio kapigwa kwa nyuma, ukaenda. Ungekaa ndiyo ningekushangaa."

Nikamgeukia vizuri.

"Na huyu simlaumu," akaendelea, akimwonyesha fundi bomba kwa kidevu. "Nimemwambia basi, kaacha. Kalelewa huyu. Mimi nasema wale wengine."

"Wepi, shangazi?"

"Wote! Wenye mashati kama lako. Yule wa filimbi. Ukumbi mzima ule. Mtu anavuja damu, wamekaa wanapiga makofi! Watu wote wale, hata mmoja hakunyanyuka kuja kukuamulia."

Nikamweleza. Nikamweleza vizuri kabisa, adabu ya mchezo, kwamba wawili wakishakubaliana huachwa, kwamba anayeingilia ndiye mkosaji, kwamba hata huko ulikotoka mchezo huu wanafanya hivyohivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniuliza polepole, na sauti yake haikuwa ile ya kuuzia bajia dirishani.

"Kwa hiyo huko kote ulikokuwa, miaka yote hiyo, ndivyo walivyokuwa wanakufanyia?"

Mimi ni mtu wa majibu. Nimewajibu makocha, nimewajibu maafisa uhamiaji. Nikafungua mdomo nimjibu na yeye. Nikaitafuta ile miji, mmoja baada ya mwingine, nikatafuta hata siku moja ambayo kuna mtu alitoka alipokaa akaja kuniambia basi. Niliona nyuso nyingi nyuma ya vioo. Nikajiona natema jino kwenye theluji nje ya stesheni, nimekaa juu ya begi langu.

"Ndivyo, shangazi," nikasema. Nikalia. Mtu mzima, na soksi, kitumbua mkononi, mbele ya wagonjwa wa Jumapili. Fundi bomba akaninong'oneza kwa Kiingereza, mama kasema nini?

Shangazi akachukua pindo la kanga kwa mkono mzima, akanifuta ile damu usoni, kwa nguvu, kama anasugua sufuria.

"Mshenga wako asinichoshe tena, nimekubali," akasema. "Lakini kule hurudi."

"Sasa nitafanya kazi gani?"

"Utatafuta, kwani duniani hakuna kazi nyingine zaidi ya kupigwa? Sema, unarudi hurudi?"

"Sirudi."

Nesi akatoka na karatasi yake, akauliza kwa Kizulu huyu mama kaja na ndugu gani. Nilikuwa bado nameza machozi nipate kumtafsiria, lakini shangazi, ambaye Kizulu hakijui hata cha kununulia sabuni, alikuwa ameshaninyooshea kidole.

"Huyu," akamwambia. "Wangu ni huyu."