Siku Niliyomsingizia Mlinzi wa Lango

Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule ya kutwa ya wasichana ambayo niliifikia kwa miguu kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Mountain View. Wazazi wangu ni watu wa Pwani. Baba alikuwa na duka la vitambaa katikati ya jiji, na mama alifundisha watoto Kurani sebuleni. Darasani ni mimi pekee niliyevaa hijabu, na kwa muda mrefu chakula cha mchana nilikula peke yangu.

Mtu wa kwanza kunizoea pale hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mlinzi wa lango, mzee mrefu kutoka upande wa Kakamega, magharibi mwa nchi, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini huku akifagia. Ramadhani ilipofika, wenzangu walipokwenda kula, alinitolea kiti kando ya kibanda chake, mbali na harufu ya jikoni. "Kaa hapa, mama," aliniambia. "Mimi pia nitakula baadaye." Na kweli hakufungua chakula chake mpaka nilipoondoka.

Muhula uliofuata, wasichana watatu wa darasa letu wakanikaribisha kwenye meza yao. Labda walitaka kunakili hesabu zangu. Sikujali. Nilikuwa nimepata watu wa kucheka nao.

Ijumaa moja, msichana aliyekuwa akituongoza akasema twende tao, yaani katikati ya jiji, baada ya chakula cha mchana. Nyuma ya maabara kulikuwa na sehemu ya ukuta iliyobomoka, iliyofichwa na majani, ambayo wao walikuwa wameizoea.

"Mimi siendi," nikasema. "Duka la baba liko huko."

"Tao ni kubwa. Wacha ushamba."

"Tukishikwa je?"

Akanitazama bila hasira. "Basi baki. Lakini Jumatatu usikuje kukaa na sisi."

Nikapita ukutani nyuma yao.

Tulivaa sweta ndani nje ili kuficha nembo ya shule. Tulizunguka, tukala chipsi, na mpiga picha mmoja wa barabarani akatupiga picha tukiwa tumeshikana mabega. Nakumbuka nilicheka kwelikweli. Wikendi hiyo mmoja wetu aliiweka picha mtandaoni, na Jumatatu asubuhi ilikuwa kwenye simu ya naibu wa mwalimu mkuu.

Tulipokuwa tukingoja nje ya ofisi yake, kiongozi wetu alinong'ona, "Tukisema ukuta, wataujenga. Semeni soja wa lango alitufungulia." Nilitaka kumwambia hapana. Badala yake nikaitikia kwa kichwa.

Mlinzi aliitwa. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Wenzangu wakaulizwa mmoja mmoja, wakasema ni yeye. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Na wewe? Ni yeye aliyewafungulia lango?"

Niliangalia sakafu. "Ndiyo, mwalimu."

"Hata wewe, mama?" mzee akauliza. Hakupandisha sauti. Alifutwa kazi kabla ya saa nane.

Sisi tulisimamishwa masomo kwa wiki mbili. Kila asubuhi baba alinipeleka dukani, nikakunja vitambaa mpaka jioni. Siku ya nne, nikimsaidia mama kukanda unga wa chapati, nilianza kulia nikashindwa kujizuia. Nikamweleza yote. Mama alinawa mikono, akaketi, akasema, "Kutoroka ningekusamehe leo hii. Lakini kumsingizia mtu mzima wa watu?"

Kesho yake baba alinirudisha shuleni, nikasema ukweli mbele ya mwalimu mkuu. Ukuta ukakaguliwa. Lakini mlinzi mwingine alikwisha kuajiriwa. Mwalimu mkuu alikubali tu kuandika barua ya kueleza kwamba mzee hakuwa na kosa. Wale wasichana hawakunisemesha tena, na darasa zima likaanza kuniita msaliti.

Mlinzi mpya ndiye aliyetuambia kwamba mzee alikuwa Dagoretti, akiosha sakafu kwenye kichinjio. Tulimwendea Jumamosi. Alitoka nje akiwa na gambuti za mpira na aproni ya plastiki, akasimama hatua kadhaa kutoka kwetu, kama asiyetaka kutuchafua. Baba alimsalimu, akamwita "ndugu yangu", akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Kisha akanisukuma mbele kidogo.

"Nisamehe, mzee," nikasema. "Nilijua hukufungua."



"Mke wangu nilimwambia sikufungua," mzee akasema. "Akaniuliza, wasichana wanne wote wadanganye? Na huyo uliyekuwa ukimsifu, yeye pia? Akasema mwanamume hawafungulii wasichana lango bure. Amechukua watoto, amerudi nyumbani Kakamega."

Baba akampa ile barua. Aliisoma taratibu, midomo ikicheza, akairudisha katika bahasha kwa ncha za vidole ili isilowe.

"Hii nitamtumia," akasema. Kisha akanigeukia. "Nimekusikia, msichana." Akaagana na baba kwa kichwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji, akarudi ndani.

Mwaka uliofuata nilihamia shule nyingine, nikamaliza huko. Baba alimtafuta mzee tena kabla ya Krismasi, akitaka kumpa kazi ya kulinda duka. Pale kichinjioni wengine walimwambia hivi, wengine vile. Mwishowe mmoja akasema mzee alikwenda kwao magharibi na hakurudi. Hakuna aliyejua kama mke wake alimpokea. Sasa nina kazi ofisini mjini, na bado sijui.