Mpima hewa aliyelisafisha jina la kabati

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa makamo amesimama mlangoni, begi begani, anagoma kuingia. Ananusa mara moja, mara mbili, kisha anatikisa kichwa.

"Mmepuliza marashi," anasema.

Mwenye nyumba, mama kijana aliyembeba mwanawe wa miezi mitano, anacheka kwa haya. Alijua mgeni anakuja, kwa hiyo ameamka mapema, amedeki vyumba vyote kwa sabuni ya maua, amefungua madirisha yote na kupuliza manukato hadi nyuma ya mapazia.

"Sasa dada, nikukaribishe kwenye nyumba inayonuka?"

"Hiyo inayonuka ndiyo niliyoifuata, mdogo wangu."

Safari imekwenda bure. Anatoa masharti upya: madirisha yafungwe tangu jioni, pasidekiwe, pasipulizwe kitu, naye atarudi kesho. Mtaani wanamwita Mama Funga Dirisha, na yeye huitika bila kinyongo.

"Ningeweza kupima tu nikaondoka," ananiambia tukishuka ngazi. "Namba ingetoka, ila isingekuwa namba ya nyumba ile."

Anachopima ni fomaldehaidi, gesi isiyoonekana inayotoka polepole kwenye gundi ya chipbodi, plaiwudi na vitu vingine vya ndani. Ikizidi chumbani, huwasha macho na kukereketa koo.

Yeye aliijua kwa mwili kabla ya kuijua kwa jina. Kwa miaka kumi na minne alikuwa fundi wa makabati ya jikoni, akikata chipbodi kutwa. "Machozi yalikuwa yananitiririka, wenzangu wananitania eti nimeachwa," anasema. Alirudi darasani akiwa na miaka thelathini na tisa, akafeli mtihani wa kwanza, akarudia. Sasa ana miaka hamsini na amepima nyumba zaidi ya mia tisa. Mwezi mzuri hupata nyumba kumi na mbili; mwezi mbaya, tatu.

Katika nyumba hii mambo ni mazito. Mtoto akilala chumbani anakohoa na macho yanakuwa mekundu. Akitolewa nje, anatulia.

Kabla ya Mama Funga Dirisha alikuja bwana mmoja aliyejiita mtaalamu. Alisogeza kifaa cha ukubwa wa simu karibu na kabati la mtoto, kikalia, akatangaza kwamba kabati lina sumu. Papo hapo akashusha mashine ya kusafisha hewa kutoka kwenye buti la gari lake, akawauzia.

Kabati hilo lilitengenezwa kwa mbao ngumu na babu wa mtoto, seremala mstaafu, kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku ile limehamishiwa sebuleni, limefunikwa shuka, na mzee hajakanyaga tena kuja kumwona mjukuu wake.

"Vifaa vya namna ile hulia hata kwa ganda la chungwa," anasema mpimaji.

Kesho yake tunarudi. Nyumba imefungwa vizuri, na babu ameitwa. Amekaa kwenye kochi, fimbo magotini, hana haraka ya kusalimiana.

"Mwanangu, cheti chako kiko wapi?"

Mpimaji anakitoa. Mzee anavaa miwani, anakisoma mpaka chini.

"Na hiyo hewa unampelekea nani?"

"Maabara, baba. Jina na namba yao hii hapa, wapigie ukitaka."

"Na wewe unauza nini?"

"Siuzi kitu. Nikipima nikauza na dawa, namba zangu zitakuwa na njaa."

Uso wa mzee unalegea. Mpimaji anamgeukia mama wa mtoto na kumwambia kwamba hayo ndiyo maswali ya kumuuliza kila anayekuja kupima, yeye akiwemo.

Kisha anafanya kazi, na ni raha kumtazama. Anaweka pampu ndogo yenye mrija chumbani, usawa wa kitanda cha mtoto. Ya pili anaiweka sebuleni kando ya kabati, ameondoa shuka na kuacha milango yake wazi. Ya tatu iko nje, ya kulinganishia. Anaandika saa, joto na kila mtu aliyepita.

Majibu yalitoka baada ya siku nane. Chumbani, ambako kabati halipo, gesi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachokubalika. Sebuleni, kando ya kabati, ilikaribiana na ya nje.

Kitu pekee chenye gundi kilichobaki humo kilikuwa sakafu ya mbao za kubandika, aliyoichagua baba wa mtoto na kuiweka wiki mbili kabla mwanawe hajazaliwa. Aliisoma karatasi ya majibu mara mbili.

"Baba, nimekukosea," akasema.

"Ng'oa sakafu kwanza," mzee akamjibu. "Maneno tutayakuta."

Nje, Mama Funga Dirisha hakuficha furaha yake. "Nimejivunia, sikudanganyi. Mtoto atapumua, na mzee amerudishiwa heshima yake."

Mpango wake sasa ni kufungua darasa la Jumamosi kwa maseremala, kwenye karakana ileile alimokuwa akitokwa machozi. "Fundi akitoka kwenye nyumba ya watu, ajue ameacha nini ndani," anasema.

Amemwomba mzee aje kuzungumza nao siku ya kwanza. Mzee amekubali, lakini baada ya wiki mbili: kwa sasa, anasema, ana mjukuu wa kumbembeleza.